Jinsi ya kufuatilia ndoa za mabinti wa Saxe-Coburg, ukiwa Lubumbashi na karatasi ya A3

Kuanzia 1910 hadi 1966 Lubumbashi iliitwa Élisabethville, kwa jina la malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Wengi huishia hapo. Lakini Elisabeth alizaliwa Possenhofen, Bavaria, tarehe 25 Julai 1876, na mume wake Albert I alikuwa mjukuu wa kijana wa Coburg, utemi mdogo wa katikati ya Ujerumani uliolemewa na madeni. Kinshasa ilikuwa Léopoldville, Kalemie ilikuwa Albertville, Moba ilikuwa Baudouinville. Majina hayo yote ni ya ukoo mmoja, na ukoo huo ulipanda kwa ndoa kuliko kwa vita.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeandika TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) ya historia, mwalimu wa sekondari, au mtu yeyote anayetaka kuchora ukoo huo mwenyewe bila kupotea. Mwishoni utakuwa na vitu viwili: fishi (kadi za maelezo) za wanawake, moja kwa kila mmoja, na jedwali la mababu lenye namba.

Anza na mama

Vitabu vingi huanza na mwanamume aliyekalia kiti, kisha mke anawekwa pembeni. Kwa Coburg njia hiyo inapoteza msomaji, kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kidogo sana kuweza kueleza kilichotokea. Anza na Auguste wa Reuss-Ebersdorf (1757–1831), aliyeolewa na Franz wa Saxe-Coburg-Saalfeld tarehe 13 Juni 1777. Watoto wao saba walifikia utu uzima. Waandike wote saba, wa kike na wa kiume, kwa mpangilio wa kuzaliwa, kabla ya kufungua ukurasa mwingine wowote:

Sophie (1778), Antoinette (1779), Juliane (1781), Ernst (1784), Ferdinand (1785), Victoire (1786), Leopold (1790).

Sasa weka ndoa mbele ya kila jina. Antoinette aliolewa 1798 na Alexander wa Württemberg, aliyetumikia jeshi la Urusi. Sophie aliolewa 1804 na Emmanuel von Mensdorff-Pouilly, ofisa wa Austria ambaye hakuwa wa ukoo unaotawala. Tutaona kwa nini jambo hilo lina uzito. Ferdinand alimwoa Antonia Koháry, mrithi wa mashamba makubwa ya Hungaria, na tawi lake likawa la Kikatoliki: mtoto wake mmoja alimwoa malkia Maria II wa Ureno mwaka 1836, na mjukuu wake akawa mtawala wa Bulgaria mwaka 1887.

Juliane anahitaji fishi ndefu. Mwaka 1795 Katarina II wa Urusi alimwalika Auguste aje Petersburg na mabinti zake wakubwa watatu, ili mjukuu wake Konstantin achague mmoja. Akachaguliwa Juliane, na alipofunga ndoa Februari 1796 alikuwa na miaka 14. Ndoa ilikuwa mbaya. Mwaka 1801 aliondoka Urusi, hakurudi tena kwa mume, na talaka ikatoka 1820. Hata hivyo, ukitazama ndoa za wadogo zake utaona faida ambayo ukoo uliipata: kuanzia hapo Coburg ilikuwa na shemeji katika jumba la Warusi. Andika hilo kwenye fishi ya Juliane, si kwenye ya kaka zake, maana yeye ndiye aliyelilipia.

Victoire aliolewa Desemba 1803, akiwa na miaka 17, na Emich Carl wa Leiningen mwenye miaka 40. Hapa wasomaji wengi hupitia haraka wasione jambo: mke wa kwanza wa Emich Carl alikuwa Henriette wa Reuss-Ebersdorf, mdogo wake Auguste. Kwa hiyo Victoire aliolewa na mjane wa mama yake mdogo. Mume alikufa 1814, akamwachia watoto wawili. Mwaka 1818 akaolewa na Edward, mtemi wa Kent, mtoto wa mfalme wa Uingereza, na tarehe 24 Mei 1819 akamzaa Victoria, malkia wa baadaye wa Uingereza. Edward alifariki Januari 1820, mtoto hajatimiza hata mwaka.

Leopold alimwoa Charlotte, mrithi wa kiti cha Uingereza, tarehe 2 Mei 1816. Charlotte alikufa tarehe 6 Novemba 1817, baada ya kuzaa mtoto aliyekwisha kufa. Mwaka 1831 Leopold akawa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji, na mwaka uliofuata akamwoa Louise wa Orléans, binti wa mfalme wa Wafaransa.

Fishi: nini kiandikwe

Kata karatasi ya A4 katikati upate fishi mbili. Tumia kreyon kwa tarehe na biki kwa majina. Tarehe utazisahihisha mara nyingi, majina mara chache. Juu kabisa andika jina la kuzaliwa pamoja na ukoo wa baba, hata kama duniani anajulikana kwa jina la mume. Chini yake andika jina alilopewa baadaye. Juliane alipoingia dini ya Waorthodoksi akawa Anna Feodorovna, na vitabu vya Urusi mara nyingi humtaja kwa jina hilo. Asiyejua hilo atahesabu watu wawili.

Kisha fuata hivi: baba na mama, dini kabla na baada ya ndoa, tarehe ya mkataba, tarehe ya ibada, watoto, namna ndoa ilivyokwisha (kifo, talaka, kutengana), mahali alipoishi baada ya hapo. Acha nusu ya fishi wazi kwa ajili ya mali.

Ongeza safu ya uhusiano kati yake na wengine, ijazwe kwa maneno yetu, siyo kwa ya Kifaransa. Leopold ni mjomba wa Victoria, na ni baba mdogo wa Albert, mwana wa Ernst, aliyemwoa Victoria. Ukiandika oncle pande zote mbili, umejifichia mwenyewe njia ambayo damu ilipita.

Mkataba wa ndoa, kipande kwa kipande

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwetu mali inatoka upande wa mume kwenda kwa wazazi wa binti. Kwa watemi wa Ujerumani ilianzia kwa baba wa binti, halafu ikajibiwa. Mkataba wa kawaida ulikuwa na vipande vitano, na kila kimoja kina neno lake la Kijerumani ambalo utalikuta kwenye hati.

Heiratsgut ni mali anayoleta binti. Mara nyingi baba hakuwa nayo mfukoni, hivyo raia walitozwa kodi maalumu kwa ajili ya ndoa ya binti wa mtemi. Widerlage ni mali ambayo mume aliiweka kujibu ile ya kwanza, kwa kawaida sawa nayo. Morgengabe ni zawadi ya asubuhi baada ya usiku wa kwanza, na hiyo ilikuwa ya mke mwenyewe, aitumie apendavyo. Wittum ni riziki ya ujane: nyumba ya kitemi pamoja na mapato ya eneo fulani. Kwa kawaida mjane aliyeolewa tena aliipoteza, na ndiyo sababu wajane wengi walibaki wajane. Cha tano ni Verzicht, kiapo ambacho bibi arusi alijivua haki ya kurithi nchi ya baba yake, maadamu kuna mwanamume wa ukoo aliye hai.

Kosa la kawaida ni kusoma kiasi cha Heiratsgut na kudhani ndiyo utajiri wa mwanamke. Siyo. Alichoweza kukishika mkononi ni Morgengabe na posho ya mwaka. Wittum ilimfikia mume akishakufa. Kosa la pili ni fedha. Coburg ilihesabu kwa gulden, Gotha kwa thaler. Kuanzia mapatano ya Dresden ya 1838, thaler 4 ni sawa na gulden 7. Kwa hati za kabla ya mwaka huo usitumie hesabu hiyo. Acha kiasi kama kilivyoandikwa. Na usijaribu kukigeuza kuwa dola za leo, hakuna msahihishaji atakayekubali.

Kipengele cha anayebaki hai kilimsaidia mwanamume pia. Mkataba wa Leopold na Charlotte ulipitishwa na Bunge la Uingereza, na ulimhakikishia Leopold pauni 50,000 kwa mwaka kama mke angetangulia kufa. Mke akafa baada ya mwezi wa 18. Bila kipengele hicho huwezi kueleza ni kwa nini mjane Mjerumani asiye na nchi aliendelea kuishi Uingereza kwa heshima zote hadi Wabelgiji walipomfuata.

Nani anarithi, nani harithi

Chora mstari mmoja mzito kwa kiti na mstari mwembamba kwa damu. Mara nyingi havipiti njia moja.

Chukua Louise wa Saxe-Gotha-Altenburg (1800–1831). Alikuwa mtoto pekee wa mtemi August. Ernst wa Coburg alimwoa tarehe 31 Julai 1817. August alikufa 1822, lakini Louise hakurithi kwa sababu ni mwanamke. Kiti kilikwenda kwa baba yake mdogo Friedrich IV, aliyefariki 1825 bila mtoto. Nasaba ya Gotha ikaisha. Wakati huo Louise na Ernst walikuwa wametengana tangu 1824, naye hakuwaona tena wanawe wawili, Ernst na Albert. Talaka ilitoka Machi 1826, na Novemba mwaka huohuo watemi wa matawi ya Saxe wakagawana upya nchi zao: Ernst akaitoa Saalfeld, akapewa Gotha. Mke amefukuzwa, nchi ya baba yake imebaki kwa mume. Ukiweka tarehe hizo nne kwenye fishi moja, 1822, 1824, 1825, 1826, hadithi inajieleza bila wewe kuongeza neno.

Angalia pia namba ya mtemi huyo. Kabla ya 1826 anaitwa Ernst III wa Saxe-Coburg-Saalfeld. Baada ya hapo ni Ernst I wa Saxe-Coburg na Gotha. Ni mtu mmoja. Tumeona majedwali yanayomwoza Louise kwa wanaume wawili kwa sababu hiyo tu.

Ernst akaoa tena Desemba 1832, safari hii Marie wa Württemberg, binti wa dada yake Antoinette. Naam, mjomba amemwoa mpwa wake. Kwetu wazee wangeondoka mkutanoni. Kule kiliitwa kibali na mambo yakaendelea. Kwenye mchoro, Marie anaonekana mara mbili: kama mjukuu wa Auguste na kama mkwe wa Auguste. Usimwandike mara mbili. Mwandike mahali alipozaliwa, kisha vuta mstari wa vitone hadi kwa mume.

Usawa wa nasaba ulikuwa na nguvu kuliko mali. Ndoa na mtu asiye wa ukoo unaotawala ingeweza kuwa ya mkono wa kushoto, yaani mke na watoto hawapati cheo wala kiti. Kwa binti kama Sophie hatari ilikuwa ndogo zaidi: watoto wake walichukua hadhi ya baba yao, na mmoja wao, Alexander, akawa waziri wa mambo ya nje wa Austria mwaka 1864. Kwa kaka mrithi isingewezekana.

Ubelgiji nayo haikukubali wanawake kwenye kiti hadi 1991. Mtoto pekee wa kiume wa mfalme Leopold II, mwana wa Leopold I, alikufa 1869 akiwa na miaka tisa, na mabinti watatu waliobaki hawakuhesabiwa. Kiti kikaelekea kwa ndugu yake Philippe. Mwana mkubwa wa Philippe, Baudouin, akafa 1891. Ndipo Desemba 1909 kikamfikia mdogo wake, Albert I, mume wa Elisabeth. Jina la Élisabethville linategemea vifo hivyo viwili vya vijana na sheria hiyo moja.

Jedwali la mababu lenye namba

Njia inayotumika kote Ulaya ni hii: mtu unayemchunguza ni 1. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili. Mama ni hiyo jumlisha moja. Hivyo baba ni 2, mama ni 3, wazazi wa baba ni 4 na 5, na kuendelea. Isipokuwa namba 1, wanaume wote wana namba shufwa, wanawake wote witiri. Kama jina la mwanamke limeangukia 12, umekosea mahali, rudi nyuma.

Karatasi: vizazi vinne vinaingia kwenye A4 iliyolazwa. Safu ya mwisho ina watu 8, kila mmoja sentimeta 3.5. Vizazi vitano vinahitaji A3. Upande mrefu ni sentimeta 42. Acha 1 kila upande, gawa 40 kwa 16, utapata sentimeta 2.5 kwa kila jina, na majina ya safu hiyo yaandikwe wima. Urefu wa kila safu sentimeta 5, jumla 25. Nafasi iliyobaki juu ni ya kichwa cha jedwali. Ukikosa A3, gundisha A4 mbili kwa nyuma, si kwa mbele, la sivyo kreyon itateleza juu ya utepe.

Jaribu kwa Elisabeth. 1 ni yeye, 2 Karl Theodor, mtemi katika Bavaria, aliyekuwa daktari wa macho, 3 Maria Josefa wa Ureno, 4 Maximilian, 5 Ludovika wa Bavaria, 6 Miguel I wa Ureno, 7 Adelheid wa Löwenstein-Wertheim-Rosenberg, 8 Pius August, 9 Amélie wa Arenberg, 10 Maximilian I Joseph, mfalme wa Bavaria, 11 Karoline wa Baden, 12 João VI wa Ureno, 13 Carlota Joaquina wa Hispania, 14 Konstantin wa Löwenstein, 15 Agnes wa Hohenlohe-Langenburg. Usichanganye tawi la "in Bayern", ambalo halikutawala, na la "von Bayern", la wafalme. Hapa namba 4 ni wa tawi la kwanza na namba 5 ni wa la pili.

Halafu mume wake, Albert I. 2 Philippe, 3 Marie wa Hohenzollern-Sigmaringen, 4 Leopold I, 5 Louise wa Orléans, 6 Karl Anton, 7 Josephine wa Baden, 8 na 9 ni Franz na Auguste wetu wa Coburg, 10 na 11 Louis-Philippe na Marie-Amélie, 12 Karl wa Hohenzollern-Sigmaringen, 13 Antoinette Murat, 14 Karl wa Baden, 15 Stéphanie de Beauharnais. Namba 13 na 15 ni wanawake wawili ambao Napoleon aliwatumia kufunga mapatano na watemi wa Ujerumani, mwaka 1808 na 1806.

Sasa weka majedwali mawili sambamba na utafute majina ya Baden. Karoline, 11 wa Elisabeth, na Karl, 14 wa Albert, ni ndugu wa tumbo moja: wazazi wao ni Karl Ludwig wa Baden na Amalie wa Hesse-Darmstadt. Kwenye safu ya tano wanandoa hao wanakuwa 22 na 23 upande mmoja, 28 na 29 upande wa pili. Vitabu vinavyoanza na wanaume havikuonyeshi hilo, kwa kuwa upande wa Elisabeth njia inapita kwa wanawake wawili, Karoline na Ludovika, kabla ya kumfikia Karl Theodor.

Kipimo kingine kifupi: fanya jedwali la mtoto yeyote wa Victoria na Albert wa Coburg. Namba 8 na 14 lazima wawe mtu mmoja, Franz. Namba 9 na 15, Auguste. Kama hawakutokea hivyo, jedwali lina kosa.

Tarehe mbili za ndoa moja

Ukikuta tarehe mbili usiifute moja haraka. Sababu zinaweza kuwa tatu. Ya kwanza ni kalenda: Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 11 katika karne ya 18, na siku 12 katika karne ya 19. Ndoa ya Juliane ni 15 Februari kwa hesabu ya Urusi na 26 Februari kwa yetu. Ya pili ni ndoa kwa uwakilishi: Leopold II na Marie Henriette walifungishwa Schönbrunn tarehe 10 Agosti 1853 bwana arusi akiwakilishwa, kisha Brussels tarehe 22. Ya tatu ni ibada mbili: Victoire na Edward wa Kent walifunga Coburg tarehe 29 Mei 1818, wakarudia Uingereza mwezi Julai, ili mtoto asije akapingwa na sheria ya nchi yoyote kati ya hizo mbili. Andika zote, na kando ya kila moja aina yake.

Mahali pa kutafuta

Almanach de Gotha ilichapwa Gotha tangu 1763 hadi 1944, na ina toleo la Kifaransa, jambo linalotupunguzia kazi hapa. Matoleo mengi ya karne ya 19 yanapatikana bure kwenye Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Pakua mwaka mmoja mzima mara moja, kisha usome bila intaneti. Ifungue sehemu ya kwanza, ya nyumba zinazotawala. Kumbuka ni orodha ya walio hai wakati huo: aliyekufa utotoni hutamkuta, na mke aliyetalikiwa hutajwa kwa ufupi. Kwa hiyo chukua matoleo matatu au manne yaliyopishana miaka kumi kumi.

Kwenye maandishi ya Kijerumani alama ya nyota ni kuzaliwa, miduara miwili iliyoshikana ni ndoa, msalaba ni kifo. Geb. ni aliyezaliwa, verm. aliyeoa au aliyeolewa, gesch. aliyetalikiwa.

Hati zenyewe ziko kwenye hifadhi za serikali za Coburg na Gotha, na zimeandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Ukipata picha ya hati, anza na tarehe na sahihi, ndipo uingie katikati. Na kwenye tarehe jihadhari na miezi iliyofupishwa kwa namba: 7bris ni Septemba, si Julai, 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, 10bris au Xbris Desemba.